Mpaka Uliopita Uani kwa Fundi Amisi

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kasongo mjini, mlio Kabambare, mlio Wamaza na Salamabila, na nyinyi mlio njiani na redio ndogo mmeifunga kwenye usukani wa pikipiki, karibuni. Anayewasemesha ni Louise. Mwenye mboga ya sombe motoni apunguze kuni kwanza, maana habari ya leo inaunguza vyungu.

Jumanne iliyopita tulimzika Bibi Subira binti Ramazani, wa mtaa wa Muyengo, hapa Kasongo. Alikuwa na zaidi ya miaka tisini. Nalirudia jina kwa walioko mbali: Bibi Subira binti Ramazani, wa Muyengo. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, na mwenye wivu. Msinikasirikie. Familia yenyewe imenipa ruhusa ya kulisema hilo, na bila wivu wake hakuna habari ya kusimulia.

Mnajua ile kona ya Muyengo, wasikilizaji wapendwa. Barabara inatoka msikitini imenyooka, inateremka vizuri, halafu ghafla inapinda, inazunguka ua mmoja, kisha inanyooka tena hadi njia ya misheni. Pikipiki ngapi zimeanguka pale? Watu wanasema Wabelgiji walilewa siku ile. Hawakulewa. Barabara ilifuata mpaka, na mpaka ule uliwekwa na mkono wa Bibi Subira.

Tuanze mbali kidogo. Zamani Muyengo haukuwa mtaa. Zilikuwa nyumba za udongo za familia za Kiislamu, watu waliobaki hapa tangu enzi za misafara, na nyumba za wakulima Wakristo waliosogea karibu na misheni. Hakukuwa na namba wala karatasi. Wabelgiji walikuja na karatasi. Kwanza wakaweka kapita, mkuu wa mtaa. Halafu wakapigilia vibati vya namba kwenye milango. Halafu kila mwaka wakaja na kitabu kikubwa, wakaandika watu mmoja mmoja: mume, mke, watoto, mbuzi. Kapita wa Muyengo alikuwa Mzee Assumani, mtu wa tasbihi na kikohozi. Karani wake alikuwa Raphaël, aliyesoma misheni, mwenye mwandiko wa kupendeza. Mshike majina hayo mawili: Assumani kapita, Raphaël karani.

Subira alizaliwa Kabambare, kwenye familia ya zamani ya pale. Mwaka 1944 aliolewa na Amisi, fundi wa nguo, akaletwa Kasongo. Amisi alikuwa na cherehani ya miguu na vidole vyepesi, na alikuwa mpole mno, mpole wa kukera. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alijibu, "Inaweza." Subira alimpenda mtu huyu kupita kiasi. Kwa miaka minne alikuwa naye peke yake, na miaka hiyo minne aliihesabu mpaka anakufa.

Mwaka 1948 Amisi alioa mke wa pili. Jina lake Faida, msichana kutoka Wamaza, mdogo, mnyamavu, mwenye kucheka kwa mabega. Faida huyu yuko hai. Ana zaidi ya miaka themanini na mitano, na tulikaa naye siku mbili na kinasa sauti chetu.

"Mimi nilifika kutoka Wamaza na mukeka moja na nyungu mbili," aliniambia. "Sikujua kama mutu anaweza kupimiwa hata kicheko. Nikicheka mara mbili, Subira anauliza: ya pili ilikuwa ya nini?"

Ua wa Amisi ulikuwa hivi, mnisikilize vizuri. Nyumba tatu kwenye mteremko. Juu, nyumba ya Subira. Chini, nyumba ya Faida. Katikati, nyumba ya Amisi mwenyewe, yenye cherehani na chumba kimoja, bila jiko. Zamu zilikuwa siku tatu tatu. Amisi alikuwa na taa yake ya mafuta, yenye kioo kilichovunjika pembeni, na taa ile ilihama naye. Ikining'inia mlangoni kwa Subira, zamu ni ya Subira. Ikining'inia kwa Faida, Subira alikula huku amewapa mgongo.

Alipima kila kitu. Kwa Idi moja Amisi aliwashonea gauni za kitambaa kimoja, maua yaleyale, shingo ileile. Subira alishukuru, akaivaa, halafu akamvizia Faida akiwa ameinama kuchambua mchele, akahesabu mikunjo ya bega. Ya Faida ilikuwa kumi na miwili. Ya kwake kumi na mmoja.

"Amisi, mukunjo wangu moja uko wapi?"

"Kitambaa kiliisha, mama."

"Kiliisha kwangu! Kila siku kitambaa kinaisha kwangu!"

Hakuivaa tena gauni ile. Baada ya hapo alikata matete mtoni, akajenga wigo toka ukuta wa nyumba yake hadi ukuta wa nyumba ya kati, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alisema amechoka kuona. Kuanzia siku ile hakukanyaga upande wa Faida. Hakuuangalia. Moshi aliusikia, kicheko alikisikia, na alipokuwa haoni, aliyatengeneza mwenyewe kichwani, tena makubwa zaidi ya yalivyokuwa. Mimi, wasikilizaji wapendwa, sitamcheka sana hapo. Kuna simu ya mtu fulani niliwahi kuifikiria hivyohivyo mwezi mzima.

Sasa mwaka 1951. Mwaka 1951 ndio mwaka wa habari yetu. Watu walikuwa wameongezeka, na Bwana Ajenti wa teritware, Mbelgiji aliyesimamia eneo hili, aliona Muyengo umekuwa mkubwa kwa kapita mmoja. Akachukua rula, akapiga mstari kwenye karatasi, toka pembe ya msikiti hadi njia ya misheni. Upande mmoja Muyengo Juu, upande mwingine Muyengo Chini. Juu walibaki na ofisi ya kapita na bendera. Chini walipata bomba la maji. Wiki haikuisha, watu wa Juu wakaanza kusema maji ya Chini yananuka kutu. Watu wa Chini wakasema bendera ya Juu imepauka kama pajama. Mtaa mzima ukawa kama wake wenza, na watu walikuwa jamaa moja juzi tu.

Mstari haukai kwenye karatasi peke yake. Wafungwa walikuja wakapanga mawe, makubwa kama vyungu vya maji, yamepakwa chokaa. Manne yaliangukia uani kwa fundi Amisi. Yalipita kati ya nyumba ya Subira na nyumba ya kati, yakiukata wigo wake wa matete. Subira upande wa Juu. Faida upande wa Chini. Na Amisi, na cherehani yake, na taa yake, upande wa Chini.

Subira alisimama akayatazama yale mawe manne. Faida anasema alimsikia upande wa pili wa wigo akisema polepole: "Hata serikali. Hata serikali inamupa yeye."

Kama ingekuwa ni mawe tu, angelalamika yakaisha. Lakini Mzee Assumani aliwaita watu barazani kwake, akakohoa, akawasomea amri. Walikuwepo wote. Amri ilikuwa hivi, nami naisema taratibu. Kwanza: katika mitaa ya mjini, mwanamume ataandikwa na mke mmoja tu. Pili: mke atakuwa yule ambaye mafiga yake yako mtaa mmoja na nyumba ya mume. Mke wa mtaa wa pili ataandikwa mwanamke asiye na mume, na baada ya siku thelathini atapandishwa lori arudishwe kwao.

Watu wakauliza: nyumba ni ya mtaa gani, kama mpaka unapita uani? Assumani akajibu kama wazee wa hapa wanavyojibu siku zote: "Nyumba ni mafiga. Pale mutu anapika, pale ndipo anakaa. Nyumba isiyo na mafiga itafuata jiwe."

Basi nyumba ya Amisi, isiyo na mafiga, ilifuata jiwe, ikawa ya Chini. Mafiga ya Faida yalikuwa Chini. Mafiga ya Subira yalikuwa Juu. Hesabu ilikuwa imekwisha. Subira, mke wa kwanza, wa miaka saba, atarudi Kabambare ndani ya lori kama gunia la mpunga. Faida wa juzi atabaki na mume.

Alimwendea Amisi kwenye cherehani, kwa mlango wa upande wake. Faida aliyasikia haya kupitia ukutani.

"Amisi, uende kwa Ajenti. Umwambie muke ni mimi."

"Serikali ndiyo imepima, mama."

"Wewe je? Wewe unapima nini?"

Amisi akakanyaga cherehani. Subira alingoja jibu mpaka mshono ukaisha. Basi akachukua utepe wa kupimia nguo uliokuwa shingoni mwa Amisi, akamvua kama anavyovuliwa mtu ushanga, akaondoka nao.

Siku ya Ijumaa, adhana ya adhuhuri ilipolia, wanaume Waislamu wa Muyengo walikwenda msikitini. Wakristo walikuwa mashambani. Bwana Ajenti alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Faida alikuwa mtoni na nguo, na mtoto wake Feza mgongoni. Subira akafunga kikwembe kiunoni, akabomoa pembe ya wigo wake, na kwa mara ya kwanza tangu aujenge akaingia upande wa Faida.

Alipima nyumba ya kati kwa utepe wa fundi, akarudia kupima, kwa sababu hakutaka kubahatisha. Akalikumbatia jiwe la kwanza, akalibeba kama mtu anavyobeba mtoto mkubwa aliyelala, akaliweka upande wa chini wa nyumba ya Amisi, usawa wa ukuta. Akarudi kuchukua la pili. Chokaa ilimjaa kifuani. Nyumba ya Amisi ilikuwa sasa ya Juu. Mafiga ya Faida, alijua, yalikuwa kule chini kabisa, kwenye kibanda karibu na migomba. Kazi ilikuwa imekamilika, na kama angekomea hapo, wasikilizaji wapendwa, Faida ndiye angepanda lori.

Lakini alikiona kibanda kingine. Kidogo, cha matete mapya, kimeegemezwa ukutani mwa nyumba ya Amisi, upenuni, mlango umefungwa kwa kamba. Hakukijua. Angekijuaje, naye alikuwa hatazami? Akasema moyoni: banda la kuku. Faida amefuga kuku. Kuku wametoka wapi? Nani kampa? Mimi sina hata jogoo, yeye ana banda zima, tena kwenye ukuta wa Amisi!

Wivu ukampanda mpaka masikioni. Akarudi kwenye lile jiwe la kwanza, akalisukuma kwa magoti, hatua mbili, hatua tatu, mpaka likavuka kibanda kile. Na la pili. Na la tatu na la nne. Alitaka na kuku nao wawe wa Juu.

Bibi Subira mwenyewe alinisimulia hapo miaka ile alipokuwa bado anatembea, akiwa amekaa kibarazani, anamenya karanga. Aliniambia: "Mume nilikuwa nimemupata. Kuku ndio waliniponza."

Jumatatu Bwana Ajenti alikuja na kofia yake na karatasi yake. Nyuma yake Mzee Assumani, nyuma ya Assumani karani Raphaël na kitabu kikubwa. Ajenti alifuata mawe toka msikitini. Yalikwenda yamenyooka. Yalipofika kwa Amisi yakapinda. Akasimama. Akatazama karatasi, akatazama mawe, akatazama karatasi tena.

Mzee Assumani alikuwa ameshaona. Alikuwa ameona pindo la kikwembe cha Subira, jeupe kama limechovywa kwenye uji. Akakohoa kikohozi kirefu.

"Mteremko, Bwana," alisema. "Hapa maji ya mvua iko na nguvu. Mawe yamekimbia maji."

Bwana Ajenti aliangalia mteremko. Jua lilikuwa kali, na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Akatoa kalamu, akachora kona ile kwenye karatasi. Hivyo ndivyo kona ya Muyengo ilivyoingia katika karatasi za serikali, ikatolewa nakala, na barabara ikachimbwa kuifuata.

Akaanza kuandika. Nyumba ya Amisi: Muyengo Juu. Mafiga ya Subira: Muyengo Juu. Subira alishusha pumzi. Alimtazama Faida kwa mara ya kwanza kwa miezi, na akaona mtoto Feza amelala mgongoni kwake, mdomo wazi. Aliniambia hakuona huruma yoyote siku ile. Aliona lori.

"Na mafiga ya huyu?" akauliza Ajenti, akimwonyesha Faida.

Faida akatembea mpaka kwenye kile kibanda kipya cha upenuni, akafungua kamba. Ndani hamkuwa na kuku. Mlikuwa na mafiga matatu meusi, majivu, na chungu kimefunikwa na jani. Kibanda chake cha migombani kilikuwa kimeanguka kwa mvua, na kwa wiki tatu alikuwa akipika pale upenuni mwa Amisi, hatua chache tu kutoka wigoni. Mtaa mzima ulijua. Ni Subira peke yake aliyekuwa hajui, yeye aliyejua hesabu ya mikunjo ya bega la Faida.

Kwa hiyo mafiga ya Faida nayo yalikuwa Juu. Subira aliyavuta mwenyewe, kwa magoti yake, pamoja na kuku wasiokuwepo.

Ajenti akafunga kalamu. Mume mmoja, mafiga mawili, mtaa mmoja. Mawe hayakuweza tena kuamua. Akamgeukia Amisi, akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini: "Wewe sema. Bibi ni nani? Moja tu."

Amisi alitazama miguu yake. Akatazama cherehani. Subira alimtazama usoni, akayaona macho yake yakianza kuinuka, na akaona yanakokwenda. Yalikuwa yanakwenda kwa mtoto. Alisema kwamba katika maisha yake yote hakuna kitu kilichomchoma kama safari ile fupi ya macho ya Amisi. Yeye alikuwa amezaa mara mbili, na mara mbili alikuwa amezika.

Kabla mdomo wa Amisi haujafunguka, Faida alisema.

"Bwana, bibi ni mimi. Huyu ni dada yangu mukubwa. Anakaa kwetu."

Raphaël karani, ambaye alikuwepo kwenye karamu nyingi za nyumba ile, aliinamisha kichwa kwenye kitabu. Ajenti akamwuliza kapita kama ni kweli. Mzee Assumani alikohoa mara mbili, akasogeza punje moja ya tasbihi.

"Wote wanatoka upande wa Kabambare, Bwana," alisema.

Hapo hakusema uongo, maana Wamaza nako ni upande wa Kabambare. Raphaël akaandika kwa mwandiko wake wa kupendeza: Amisi, fundi. Faida, mke. Feza, mtoto. Subira, dada wa mke. Lori liliondoka mwisho wa mwezi bila mtu yeyote wa ua ule.

Mnadhani Subira alishukuru? Hamumjui. Alimkuta Faida kwenye mafiga yake, akasimama juu yake, mikono kiunoni. Maneno yao Faida anayakumbuka hadi leo.

"Nani alikutuma useme vile?"

"Ulitaka niseme namna gani?"

"Ungesema muke ni mimi, wewe ndiye mudogo wangu!"

"Na huyu mutoto hapa mugongoni, ningesema ni wa nani?"

Subira alimtazama Feza. Alikuwa ameokolewa, na palepale alikuwa ameibiwa, na mwizi na mwokozi ni mtu mmoja, anapuliza moto mbele yake. Baadaye akauliza, sauti imeshuka:

"Na kuku?"

"Kuku gani?"

Kesho yake aling'oa wigo wa matete, wote. Asiseme mtu ni kwa mapenzi. Alisema wazi kwamba kuanzia sasa anataka kuona mafiga ya kila mtu yako wapi.

Miaka ikapita. Kila mwaka kitabu kilikuja, na kila mwaka Subira alisimama mlangoni kwake akaitwa kwa sauti: "Subira, dada wa Faida!" Naye ilimlazimu ajibu, "Niko." Miaka minane alijibu hivyo. Zamu ziliendelea, siku tatu tatu, taa ikihama kama zamani, serikali haikujua. Lakini kwenye karatasi Faida alikuwa mke, na Subira aliionea wivu ile karatasi kuliko alivyowahi kuionea wivu gauni.

Feza, yule mtoto wa mgongoni, leo ni bibi mwenyewe. Anasema: "Mama mukubwa ndiye alinilea kama mama. Lakini nikimuletea mama yangu maji, lazima nimuletee na yeye, kikombe kilekile, kipimo kilekile. Alikuwa anaviweka vikombe pamoja, anachungulia."

Mwaka 1958 serikali ilibadili tena mawazo. Muyengo Juu na Muyengo Chini vikaunganishwa, mtaa mmoja, kapita mmoja, kama mwanzo. Mawe yaling'olewa, yakaenda kujengea ngazi za ofisi. Kona ilibaki. Na mwaka uliofuata, 1959, fundi Amisi aliugua kifua, akafa kwa upole kama alivyoishi. Wajane wawili walikaa eda chumba kimoja, chumba cha cherehani. Faida anasema Subira alihesabu siku kwa punje za mahindi, ili mtu mwingine asije akaomboleza siku moja zaidi yake.

Miezi ya mwanzo ya 1960, Wabelgiji wakiwa wanafunga masanduku, kitabu kilikuja mara ya mwisho. Bwana Ajenti hakuja. Alikuja Raphaël peke yake. Alikaa uani, akafungua ukurasa wa ua ule, akasema kwa heshima:

"Mama Subira, mimi ndiye niliandika uongo huu. Leo hakuna wa kuniangalia. Niambie nikate, niandike mjane wa Amisi."

Faida akasema, "Andika, Raphaël. Andika haraka."

Miaka minane Subira alikuwa akiingoja kalamu ile. Alikitazama kitabu. Hakujua kusoma, lakini mahali pa jina lake alipajua, kwa kuwa alikuwa amepaangalia kila mwaka. Akamtazama Faida aliyekuwa anapepeta mchele.

"Acha vile iko," alisema. "Bwana nimeshamuzika. Nikikata na hii, nitabaki na nani?"

Raphaël akafunga kitabu. Faida akaendelea kupepeta, na Subira akamwambia anamwaga mchele mzuri.

Waliishi pamoja ua ule miaka mingi baada ya hapo, kupita vita na njaa na marais. Waligombana karibu kila siku. Jumatatu ya wiki iliyopita Bibi Subira alifariki, asubuhi, baada ya kuuliza nani amekunywa chai yake. Faida, na fimbo yake, alitaka kwenda mwenyewe ofisini kuandikisha kifo. Feza alimpeleka. Karani wa leo, binti mdogo wa kompyuta, aliuliza marehemu ni nani kwake.

"Dada yangu," Faida alijibu.

"Wa baba mumoja ao wa mama mumoja?"

"Wa bwana mumoja," Faida alisema. "Andika dada."

Sasa kuna jambo la mwisho. Kaburi la fundi Amisi liko ukingoni mwa makaburi ya Waislamu. Upande mmoja ni njia. Upande wa pili ilikuwepo nafasi ya mtu mmoja, moja tu. Wanawake hawa wawili waliijua nafasi ile kwa miaka sitini na hawakuizungumza hata siku moja. Jumanne, Bibi Subira alilazwa pale.

Nilimwuliza Bibi Faida anajisikiaje. Alisema, na hapa nanukuu neno kwa neno:

"Siku zote yeye ndiye alikuwa na wivu. Mimi nilikuwa nacheka. Sasa zamu iko kwake, na taa haitarudi kwangu tena. Angalia, mama Louise. Leo ni mimi."

Kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Bibi Faida, kwa Feza na watoto na wajukuu wake, kwa ukoo wa binti Ramazani kule Kabambare, na kwa Muyengo wote, juu na chini. Mungu ampumzishe Bibi Subira pahali pema, na palingane na pa wenzake, kwa amani ya wote walioko huko. Nasi tuliobaki, kila mmoja afikirie ule wigo alioujenga ili asione, na kitu gani kimekuwa kikipikwa upande wa pili. Ukipita kwenye kona ile na pikipiki, wasikilizaji wapendwa, punguza mwendo. Bibi Faida hukaa pale nje jioni, na kando yake ameweka kiti cha pili.